Mifongo ya Kilimanjaro

Wako wanaodhani kwamba kilimo cha kumwagilia maji kililetwa nchini na wageni. Historia ya Kilimanjaro yatuonyesha vinginevyo. Kabla ya ukoloni, Wachaga walikwisha kuchimba mifongo, yaani mifereji ya kuteka maji ya mito ya mlimani na kuyafikisha kwenye vihamba vya migomba na mashamba ya ulezi. Majirani walichimba pamoja, wakagawana maji kwa zamu; aliyekwepa siku ya kuzibua mfereji alitozwa faini. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliutambua urithi wa vihamba vya Shimbwe Juu. Hata hivyo, heshima hiyo haizibui mfereji. Kazi hiyo ingali yetu sisi majirani.