Sanamu ya Mfalme na Kalibu ya Risasi

Wakati wa yubile twafunua vitabu vya kanisa, tuhesabu waliobatizwa na waliooana. Hesabu tunayoileta hapa ni ya namna nyingine. Iliandikwa na baba wa nyumba moja huko Marekani, katika vita vya mwaka 1776, na majina yaliyomo mengi ni ya wanawake na watoto.

Lugha yetu yaita kwa jina moja madini na kile kitokacho kinywani mwa bunduki: vyote ni risasi. Madini haya ni laini, nayo huyeyuka hata kwa moto wa jikoni. Ndiyo yashikayo vioo vya rangi katika madirisha ya makanisa mengi. Na ndiyo iliyofanyizwa kwayo, huko Uingereza, sanamu ya Mfalme George wa Tatu juu ya farasi, ikapakwa dhahabu, ikasimamishwa New York mwaka 1770, si mbali na kanisa la Utatu.

Tarehe 9 Julai 1776 askari wa Jenerali Washington walisomewa Tangazo la Uhuru, na usiku ule watu wakaifunga sanamu kwa kamba wakaiangusha. Kesho yake Washington aliwakemea askari wake kwa ghasia ile. Kanisani nako palikuwa na fadhaa, maana kasisi Charles Inglis hakukubali kuacha kumwombea mfalme kama Kitabu cha Sala kilivyoagiza; akaona heri kulifunga kanisa. (Huyu ndiye aliyewekwa kuwa askofu wa Nova Scotia mwaka 1787.)

Waasi walikuwa na uhaba wa risasi. Basi vipande vingi vya sanamu vikapelekwa Litchfield, katika Connecticut, nyumbani kwa Oliver Wolcott, mmoja wa waliotia sahihi Tangazo lile. Huko vikakatwakatwa, vikayeyushwa chunguni, takataka zikaenguliwa juu, kisha madini yakamiminwa katika kalibu kwa upawa. Kalibu hufunguliwa mara, maana risasi haikawii kuganda. Nayo kila moja hukatwa kikia chake, ikafungwa pamoja na baruti katika karatasi. Leo twajua kwamba madini haya ni sumu, na hudhuru watoto kupita wakubwa.

Wolcott aliandika hesabu kwa uangalifu, kama mwalimu aandikavyo daftari la shule. Ruth Marvin: 11,592. Laura, binti yake: 8,378. Mary Ann, binti yake wa miaka 11: 10,790. Frederick, mwanawe wa miaka 8: 936. Jumla yapita 42,000. Twakiri kwamba ile 936 ndiyo ituzuiayo tusiufunue ukurasa upesi.

Hati yaonyesha pia risasi 50 walizopewa wanamgambo wa Litchfield, na 300 walizopewa kikosi kimoja. Zile nyingine zilimpata nani, haisemi.

Wala si sanamu yote iliyofika kwenye chungu. Mwaka 1871 mkia wa farasi ulionekana huko Wilton, katika Connecticut, nao umehifadhiwa New York.