Mapafu ya mtoto njiti na usikivu wake
Mtoto njiti, yaani aliyezaliwa kabla ya wiki 37 za ujauzito, akiendelea kuhitaji oksijeni kwa siku 28 au zaidi huhesabiwa kuwa na ugonjwa sugu wa mapafu.

Wataalamu wanasema upungufu wa oksijeni wa muda mrefu waweza kuchelewesha ukomavu wa mishipa ya fahamu inayopitisha sauti kwenye shina la ubongo. Sikio laweza kuwa zima, ilhali ujumbe wake unakawia njiani.

Kipimo cha sikio pekee hakiigundui kasoro hiyo. Huhitajika kile kinachopima mwitikio wa ubongo kwa sauti, kwa waya ndogo zinazobandikwa kichwani. Ikichelewa kugunduliwa, mtoto naye huenda akachelewa kusema.