Kishikio cha Udongo na Kulabu Inayoteleza

Ukiingia supamaketi, angalia zile kulabu za chuma zinazoning'iniza betri na miswaki. Pakiti ya mbele ikishachukuliwa, za nyuma hubaki kule ndani mpaka mfanyakazi aje azivute. Sasa tuseme mtu ameinamisha kulabu kidogo na kuipaka utelezi ule wa kikaango kisichoshika mayai. Pakiti zinajiteremsha zenyewe. Poa sana. Lakini je, amevumbua kitu? Apewe hataza, awazuie wengine wote kuitengeneza kwa miaka 20?

Swali hili lilifika Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka wa 1851, na halikuletwa na kulabu bali na vishikio vya milango. Hotchkiss na wenzake walikuwa na hataza ya vishikio vya udongo wa mfinyanzi. Vishikio vilikuwepo tayari, vya mbao na vya chuma. Udongo ulikuwepo. Hata namna ya kukifunga kishikio kwenye chuma chake ilijulikana. Mahakama ikasema kubadilisha malighafi tu ni kazi ya fundi hodari, si ya mvumbuzi. Jaji Woodbury alikataa: kama kitu ni kipya, na ni bora au rahisi kwa bei, kwa nini mwenyewe anyimwe? Alishindwa, ila hoja yake haijawahi kufa.

Utelezi wenyewe una hadithi yake. Mwaka wa 1938, Roy Plunkett wa DuPont alikuwa akitafuta gesi ya friji. Mtungi mmoja ukagoma kutoa gesi, na ulipofunguliwa ulikuwa na unga mweupe unaoteleza. Huo ndio Teflon. Shida ni kwamba kitu kisichoshikwa na chochote utakibandikaje kwenye sufuria? Katika miaka ya 1950 Mfaransa Marc Grégoire alipata njia ya kukishikisha kwenye alumini, na Tefal ikazaliwa. Hapo kulikuwa na kizuizi, na mtu akakivuka.

Mwenye kulabu amevuka kizuizi gani? Hilo ndilo mawakili hubishania. Tangu 1952 sheria ya Marekani huuliza kama jambo lingekuwa wazi kwa fundi wa kawaida wa kazi hiyo. Mwaka wa 2007, kwenye kesi ya pedeli ya gari, majaji wote walikubaliana kwamba fundi huyo si roboti. Naye huwaza, huunganisha vitu anavyovijua.

Kwa fundi wa jua kali hii si hadithi ya mbali. Sheria ya Kenya ya 2001 inauliza swali lilo hilo kabla ya kutoa hataza. Lakini ina mlango mwingine pia: cheti cha maboresho madogo, cha miaka 10, kinachodai kitu kiwe kipya na kifae kazini, basi. Woodbury angetabasamu. Jirani yako wa kibanda, ambaye amekuwa akipaka nyaya zake mshumaa miaka yote bila kumwambia mtu, huenda asitabasamu.