Vipimo vya gesi na madini ya Masisi na Walikale

Mwaka 1906, mjini Berlin, Marcello Pirani alikuwa akifanya kazi katika kiwanda cha taa cha Siemens & Halske. Ndani ya taa hizo mlikuwa na waya wa tantalamu, mwembamba kama unywele, na ili usiungue ilibidi hewa inyonywe yote. Shida ilikuwa kujua imebaki kiasi gani. Vipimo vya wakati ule vilikuwa vya kioo na zebaki, vyepesi kuvunjika. Pirani akatumia waya wenyewe. Waya wa moto hupoozwa na chembe za gesi zinazougusa. Gesi ikipungua, joto la waya hupanda na ukinzani wake wa umeme hubadilika. Soma umeme, utaijua gesi.

Tantalamu ya Pirani haikutoka Kivu, mashariki mwa Kongo. Lakini leo mgodi wa Rubaya, wilayani Masisi, hukadiriwa kutoa takriban asilimia 15 ya tantalamu ya dunia, na mwishoni mwa Aprili 2024 uliangukia mikononi mwa waasi wa M23. Wachimbaji hushuka mashimoni kwa sululu na tochi za kichwani, wakitafuta koltani, jiwe la tantalamu, itakayoishia kwenye kapasita za simu na za vyombo vya kupimia.

Miaka mitatu baada ya Pirani, Martin Knudsen wa Copenhagen alionyesha kwamba gesi ndani ya mrija mwembamba sana haitiririki kama maji: chembe zake hugonga kuta zaidi kuliko zinavyogongana zenyewe. Kwa hewa ya kawaida, hali hiyo huanza upana wa njia unapokaribia unywele uliogawanywa mara elfu. Mwaka 1974 van Putten na Middelhoek, nchini Uholanzi, waliweka kipima upepo kizima juu ya kipande cha silikoni. Kazi yake ni ileile ya waya wa moto, ila sasa kinaenea kwenye ncha ya kidole.

Walikale inaingia katika historia hii kwa njia ya bati. Japani ilipoanza kupikia gesi majumbani, uvujaji ulilipua nyumba na kuua watu. Mwaka 1962 Naoyoshi Taguchi aliomba hataza ya kihisi cha oksidi ya bati. Punje za oksidi hiyo zikipashwa moto, oksijeni ya hewani hujishika juu yake na kuzuia umeme kupita. Gesi ya kupikia ikifika, huiteketeza oksijeni hiyo, umeme hupita, kengele hulia. Kampuni yake, Figaro, ilianzishwa mwaka 1969.

Kasiteriti, jiwe la bati, iligunduliwa Bisie, wilayani Walikale, mwaka 2002. Wabebaji walitembea siku mbili msituni hadi kijiji cha Njingala, gunia la kilo 50 mgongoni, wakitozwa ushuru na wenye bunduki kila kizuizi. Kisha ndege ndogo zilizotua juu ya lami ya barabara, huko Kilambo, zilipeleka mzigo Goma. Watu hao ndio walioijulisha dunia utajiri wa Bisie, na jasho lao halijawahi kulipwa sawasawa. Kampuni ya Alphamin ilianza hapo Bisie uzalishaji wa kisasa mwaka 2019, ikapita tani 17,000 za bati mwaka 2024, ikasimama Machi 2025 vita vilipoikaribia, ikarudi kazini Aprili.

Na gesi yenyewe ipo huku. Sake, mji wa Masisi, pamoja na ukanda wote hadi Goma, una mazuku: mabonde madogo ya lava ya kale ambamo kaboni dioksidi hupenya kutoka ardhini kupitia nyufa na vitundu vya mawe. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa mara moja na nusu, haina rangi wala harufu. Usiku na alfajiri, pasipo upepo, hujaa bondeni. Mbuzi hulala wasiamke, na watoto wanaotafuta kuni hufia humo. Gesi ikifika asilimia 10, mtu huzirai ndani ya dakika chache, na koroboi inaweza kuwa bado inawaka. Kwa hiyo kupima kwa moto ni hatari.

Kihisi cha bati hakiioni gesi hii. Huonwa kwa mwanga wa infraredi, ambao kaboni dioksidi huumeza. Ili kujua kasi ya gesi kutoka ardhini, mtaalamu hufunika udongo kwa chombo kama sufuria iliyopinduliwa, kisha husoma jinsi gesi inavyoongezeka ndani kila sekunde. Volkano za eneo hili hufuatiliwa na Kituo cha Volkano cha Goma, kilichoanzishwa mwaka 1986, na mwaka 2010 Benoît Smets na wenzake walichapisha uchunguzi wa mazuku.

Mwaka 2023 wakimbizi wengi wa Masisi walipiga vibanda katika kambi za Bulengo na Lac Vert, katika ukanda huohuo. Kipimo cha saa sita mchana, jua na upepo vikiwa vimeitawanya gesi, hakiwezi kumlinda mtoto anayeamka alfajiri. Kinachohitajika Sake ni vipimo vinavyobaki bondeni usiku kucha, usawa wa goti, vyenye kengele inayosikika hadi majumbani.