Mshipa wa Kiuno: Habari za Matibabu ya Maumivu ya Mgongo Tangu Kale

Katika Kiswahili neno mshipa lachukua mambo mengi: njia ya damu, uzi wa neva, kano ifungayo nyama na mfupa, na tena jina la ugonjwa. Mtu alalamikaye kiuno husema mshipa umemshika, wala asikiaye haulizi ni mshipa upi. Waarabu nao huyaita maumivu yashukayo toka kiunoni hata mguuni irk an-nasaa, na irk kwao ni mshipa, au mzizi. Tusiyacheke majina haya. Yameongoza mikono ya matabibu kwa karne nyingi, maana mtu hutibu kile alichokitaja.

Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliagiza damu itolewe katika mshipa ulio karibu na kifundo cha mguu, upande wa nje. Ugonjwa uliitwa mshipa, basi mshipa ukapasuliwa. Al-Zahrawi wa Andalusi aliandika jinsi ya kuchoma mahali penye maumivu kwa chuma cha moto. Wapigao chuku katika pwani yetu hawako mbali na elimu hiyo.

Kabla yao walikuwako Wayunani. Katika kitabu cha Viungo, kihesabiwacho miongoni mwa vitabu vya Hippocrates, mna habari za watu waliomfunga mwenye kibiongo juu ya ngazi, kisha wakaiinua ngazi na kuiangusha, ili uti wa mgongo unyoke. Mwandishi asema kwamba waipendao sana njia hiyo ni wale watakao kuushangaza umati. Yeye alichagua kumlaza mgonjwa juu ya ubao na kumvuta huku na huku. Kisha aeleza kwamba alijaribu kutia kiriba chini ya mgongo na kukijaza upepo, asifaulu. Na habari hiyo aliiandika makusudi, kwa kuwa yafaa watu wayajue hata mambo yaliyojaribiwa yakashindwa. Laiti waliomfuata wote wangalikuwa na unyofu huo!

Mwaka 1764 Domenico Cotugno wa Napoli alionyesha kwamba yako maumivu ya namna hii yatokayo katika neva, wala si katika kiungo cha nyonga. Alisema kweli. Lakini alidhani pia kwamba majimaji yamejaa katika ala ya neva, akatia dawa za kutoa malengelenge katika ngozi ili yatoke. Jina lilibadilika, na mkono ukalifuata.

Isidhaniwe kwamba kutafuta chanzo ni kazi bure. Mwaka 1779 Percivall Pott, mpasuaji wa London, alieleza ugonjwa uvunjao pingili za mgongo na kulegeza miguu, ambao leo twaujua kuwa ni kifua kikuu cha uti wa mgongo, nao una dawa. Kwa hiyo mwenye maumivu ya mgongo akiwa na homa, au akikonda, au miguu yake ikilegea, au akifa ganzi mahali pa kukalia, au akishindwa kuzuia mkojo, apelekwe hospitali mara moja, asingojee shauri la mtu.

Mwaka 1934 Mixter na Barr, madaktari wa Boston, walieleza jinsi kisahani cha gegedu kilicho kati ya pingili kiwezavyo kupasuka na kuigandamiza neva, na jinsi walivyokiondoa kwa kisu. Ugunduzi huo ulikuwa wa kweli, na hiyo ndiyo hatari yake: kisahani kikawa mshipa mpya, kila kiuno kikasingiziwa. Mwaka 1983 Weber wa Norway alitangaza habari za wagonjwa 126 wenye maumivu ya mguu yaliyotokana na kisahani, waliogawanywa kwa kura, hawa wakapasuliwa, hawa wasipasuliwe. Baada ya mwaka mmoja waliopasuliwa walikuwa na hali bora. Baada ya miaka minne tofauti ilikuwa ndogo, na baada ya miaka kumi haikuonekana. Mkulima atakaye kuuza ng'ombe wake apate fedha za kupasuliwa yampasa aambiwe habari hizo zote, mwaka wa kwanza na wa kumi pia. Huenda akachagua kisu, kwa sababu hawezi kukosa mavuno ya mwaka mmoja. Na shauri hilo si la kipumbavu.

Tena mwaka 1990 Boden na wenzake walipiga picha kwa mashine ya sumaku migongo ya watu 67 ambao hawakupata kamwe kuumwa na kiuno. Kadiri ya theluthi yao walionekana na kasoro kubwa. Picha yaweza kuonyesha kisahani kilichoharibika, isionyeshe kinachouma.

Mwezi wa Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo juu ya maumivu ya kiuno yapitayo miezi mitatu bila chanzo maalumu kujulikana. Habari za kupasua hazimo. Lasifu mafundisho yampayo mgonjwa maarifa ya kujitunza, mazoezi ya mwili, kukandwa, mashauri ya kutuliza moyo, na dawa kadhaa za kupunguza maumivu. Lakataa dawa za jamii ya afyuni kwa kawaida, na mikanda ya kiuno, na kuvuta mgongo. Hivyo ule ubao wa Wayunani umewekwa kando, na mkono wa mkandaji umebaki.