Miiko na Hodi ya Usiku

Azimio la Arusha lilipotangazwa Februari 1967, kiongozi wa TANU au wa Serikali, mbunge akiwamo, aliwekewa makatazo ambayo hata asiyejua kusoma aliweza kuyahesabu kwa vidole. Asiwe na hisa katika kampuni yoyote. Asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari. Asipokee mishahara miwili. Asiwe na nyumba ya kupangisha. Hiyo ndiyo Miiko ya Uongozi. Mahali kama hapa Makanyagio haikuhitaji mkaguzi. Nyumba ya kupangisha haifichiki, na mpangaji ana mdomo.

Februari 1991 Halmashauri Kuu ya CCM ilikaa Zanzibar, ikailegeza. Kisha ikaja Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma, Na. 13 ya 1995. Sheria hii haikumkataza mbunge kuwa na mali, ilimtaka aitaje: ndani ya siku 30 baada ya kushika wadhifa, kila mwisho wa mwaka, na siku ya kuondoka. Mwiko ukageuka kuwa fomu, na macho ya majirani yakawa jalada katika Sekretarieti ya Maadili.

Mwaka huohuo, mwezi Desemba, Rais Clinton wa Marekani alitia saini sheria ya kuwaandikisha watu wanaolipwa ili kuwashawishi wabunge. Wenzetu walimwandika mbisha hodi; sisi tukamwandika mwenye nyumba. Sisemi Wamarekani wamepona rushwa, la hasha! Lakini swali lao ni jingine.

Swali hilo lilitufikia Julai 2011. Beatrice Shellukindo, mbunge wa Kilindi, aliliambia Bunge juu ya barua ya Katibu Mkuu wa Wizara ya Nishati na Madini, iliyozitaka taasisi za wizara hiyo zichange shilingi milioni 50 kila moja kwa ajili ya shughuli ya bajeti. Wabunge walichachamaa. Waziri Mkuu alikuwa Mizengo Pinda, mbunge wa Katavi, mtu wa huku kwetu. Alisema mamlaka yangekuwa yake angekwisha kuchukua hatua. Bajeti iliondolewa, ikarudi Agosti. Bunge likaunda kamati teule. Ajabu ni kwamba aliyetajwa kubisha hodi safari hii hakuwa tajiri wa mgodi, bali ofisi ya Serikali yenyewe.

Desemba ile wabunge walidaiwa fomu zao kama kila mwaka: nyumba, mashamba, magari, fedha za benki. Mahali pa kuandika nani alikuja usiku hapakuwapo.