Maktaba ya sayansi ya chuo kikuu: kinachopatikana kwa msomaji wa Rusizi

Mwanafunzi wa sayansi anayetoka Kamembe au Bugarama kwa kawaida husomea mbali na nyumbani. Chuo cha Sayansi na Teknolojia, ambacho ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Rwanda kilichoundwa mwaka 2013, kina makao yake Nyarugenge, Kigali, na kuifikia maktaba yake ni safari ya basi inayopita msitu wa Nyungwe na kuchukua sehemu kubwa ya siku. Huduma za kidijitali zimeupunguza umbali huo, ingawa si kwa kila mtu.

Sehemu kubwa ya majarida ya sayansi ambayo maktaba ya kisasa humpatia msomaji haimo rafuni. Yamo katika kompyuta za wachapishaji, nayo maktaba hupewa haki ya kuyasoma. Kwa nchi za kipato cha chini, Rwanda ikiwemo, haki hiyo hutolewa bila malipo kupitia mpango wa Research4Life. Sehemu yake ya kwanza, Hinari, inayohusu afya, ilianzishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2002. Ya kilimo, AGORA, ilifuata mwaka 2003 chini ya Shirika la Chakula na Kilimo.

Jambo ambalo wengi hawalitambui ni kwamba anayesajiliwa katika mpango huo ni taasisi, si mtu binafsi. Akiwa chuoni, mwanafunzi hutambuliwa kupitia mtandao wa chuo. Akiwa nje, hulazimika kuingia kwa jina na nywila alizopewa. Akihitimu na akaunti yake ikafungwa, mlango nao hufungwa. Hivyo mwalimu wa kemia aliyerejea kufundisha Rusizi anaweza kujikuta akiombwa dola kadhaa kwa makala ileile aliyoisoma bure alipokuwa mwanafunzi. Muuguzi wa Gihundwe au Mibilizi ana nafasi nzuri zaidi, kwa kuwa hospitali nazo zinaweza kusajiliwa. Inafaa aulize kazini kabla ya kulipa chochote.

Kwa asiye na taasisi, bado ziko hazina zilizo wazi. PubMed Central ya Marekani imekuwa ikitoa makala kamili za tiba na biolojia tangu mwaka 2000. Mtandao wa AJOL, ulioanza mwaka 1998, hukusanya majarida ya Afrika, likiwemo la tiba na sayansi za afya la Chuo Kikuu cha Rwanda. Chuo hicho pia kina hazina yake ya kidijitali, ambamo huhifadhiwa tasnifu za wanafunzi. Ni hazina isiyotajwa sana, nayo ina manufaa makubwa kwa wenyeji, kwani tasnifu nyingi huchunguza udongo, maji na maradhi ya humu humu nchini.

Kwa kulinganisha, maktaba mashuhuri ya sayansi iliyo jirani zaidi na Rusizi iko ng'ambo ya mpaka, huko Lwiro, kaskazini mwa Bukavu. Ni urithi wa taasisi ya utafiti iliyoanzishwa na Wabelgiji mwaka 1947, ambayo pia ilikuwa na kituo Astrida, yaani Huye ya leo. Mkusanyiko wake wa zamani ni wa karatasi: anayeuhitaji sharti aufuate uliko, na tangu vita vilipoingia Bukavu mwezi Februari 2025, safari hiyo imekuwa ngumu.

Umebaki ugumu wa lugha. Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda tangu mwaka 2017, lakini katalogi hizi hutafutwa kwa Kiingereza au Kifaransa. Kamusi ya biolojia, fizikia na kemia iliyotolewa Dar es Salaam mwaka 1990 husaidia kupata istilahi. Kwa mimea na maradhi yake, njia ya mkato ni jina la Kilatini. Mkulima wa Bugarama ambaye mpunga wake una madoa ya kuvu majani na shingo za mashuke zinavunjika, akiandika Pyricularia oryzae, atapata makala za ugonjwa huo katika lugha yoyote zilizoandikwa.